SHAHADA YA SHERIA: INALIPA AU TUNADANGANYANA?

Najua wengi mmezoea kukuta habari za siasa hapa, lakini leo naomba mnivumilie, tuongelee jambo linalogusa nyumba nyingi za Kitanzania kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka. Mtoto kapata daraja zuri kwenye HKL au HGL, wazazi wamefurahi, wajomba wanapiga simu kutoka mikoani, na kila mtu ana jibu lile lile: "Huyu akasome sheria." Hakuna anayeuliza inachukua miaka mingapi mpaka mtu aanze kujitegemea, wala nani atalipa njiani.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao watoto. Nimemaliza kidato cha sita, kombi yangu ilikuwa HKL, chuo bado, kwa sasa naandika andika hapa na pale kupata vocha na nauli. Huu uamuzi uko mezani nyumbani kwetu, na mzee ameshaanza kutafuta hela. Ndiyo maana nimezunguka kuwauliza mawakili, makarani wa mahakama na dada na kaka zetu waliomaliza chuo wakarudi mtaani. Nilichokusanya nakileta hapa ili na mwingine aliye kwenye njia panda kama mimi apate pa kuanzia.

Kwa wale wenye haraka, jibu langu ni hili: shahada ya sheria hapa kwetu inalipa kama utaifikisha mwisho wa njia, na mwisho wa njia SIYO siku ya kuvaa joho la chuo kikuu. Ukiishia pale kwenye joho, umelipa bei ya wakili lakini hujawa wakili. Sasa tuelezane kwa nini.

WAZEE WETU WANA PICHA GANI KICHWANI?

Tuwaelewe kwanza wazee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kitivo cha kwanza kabisa kilikuwa cha sheria. Madarasa yenyewe yalikuwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Mlimani haujajengwa bado. Nchi ilikuwa inapata uhuru na wanasheria Waafrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Aliyemaliza pale alikuwa anasubiriwa na serikali mlangoni. Mama Julie Manning, mmoja wa wanafunzi wale wa kwanza, alikuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975.

Kwa hiyo mzee akisema "mwanasheria hakosi kazi", hadanganyi. Anaongelea dunia aliyoiona yeye. Tatizo ni kwamba sisi tunajaza fomu kwenye dunia nyingine. Vyuo vinavyofundisha sheria sasa vipo vingi, vya serikali na vya binafsi, kuanzia Mlimani, Mzumbe, Dodoma na Chuo Kikuu Huria mpaka vyuo vya mashirika ya dini. Namba za Daftari la Mawakili nazo zimeshavuka 10,000. Ile thamani ya kuwa wachache imekwisha. Ni vizuri kwa nchi, ila mtu binafsi inabidi apige hesabu upya.

LLB SIYO UWAKILI, TUELEWANE HAPO

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Mtaani mtu akisema "mwanangu anasoma sheria", majirani wanasikia "mwanao ni wakili." Ukweli ni kwamba kuna ngazi, na kila ngazi ina mlango wake.

Ngazi ya kwanza ni shahada yenyewe, LLB, miaka 3 hadi 4 kutegemea na chuo. Ukimaliza hapo wewe ni mhitimu wa sheria. Huwezi kusimama mahakamani kumtetea mtu kama wakili, na huwezi kugonga muhuri kwenye kiapo cha mtu.

Ngazi ya pili ni mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, pale wote tunapopaita Law School, barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Taasisi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mafunzo ni ya mwaka mmoja: unakaa darasani, unafanya mitihani, na unapelekwa fildi mahakamani na kwenye ofisi za mawakili. Kule haufundishwi tena sheria ni nini. Unafundishwa kuitumia, yaani kuandaa hati ya madai, kumhoji shahidi, kuandika mkataba, kushika faili la mteja.

Ngazi ya tatu, ukishafaulu, unapeleka maombi ya kukubaliwa kuwa wakili. Ukikubaliwa unaapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lako linaingia kwenye Daftari. Hapo ndipo unaitwa wakili, na hapo ndipo unajiunga na chama cha mawakili wa Tanzania Bara, Tanganyika Law Society, ambacho wengi wanakifahamu kama TLS.

Ngazi ya nne haina mwisho. Kila mwaka wakili anahuisha leseni yake, analipa ada ya chama, anahudhuria masomo ya kujiendeleza. Na TRA nao hawajalala.

Mtu asidhani kwamba akikwepa uwakili ataenda zake serikalini na LLB peke yake. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira usome vizuri. Hakimu Mkazi, Wakili wa Serikali, mara nyingi hata Afisa Sheria, utakuta wameandika shahada ya sheria NA mafunzo ya Law School au yanayolingana nayo. Milango mikubwa ya fani hii, kuanzia Mahakama, Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, mpaka ofisi binafsi za mawakili, inafunguka kwa funguo mbili. Ukiwa na mmoja unabaki unagonga.

YALE MATOKEO YA 2022

Mnakumbuka Oktoba 2022? Matokeo ya Law School yalitoka nchi nzima ikashika kichwa. Wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja 26 tu. Mitandaoni ikawa kelele, wengine wanalaumu vyuo, wengine wanailaumu taasisi, wengine wanasema mawakili wakubwa wanabana ili wasiongezeke. Aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Nataka tuzisome zile namba polepole, maana zilisomwa kwa hasira. Katika wale 633, waliofaulu bila kikwazo ni 26, yaani kama 4 katika kila 100. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani ni 342, hao ni kama 54 katika kila 100. Waliodisko ni 265, kama 42 katika kila 100.

Hao 342 hawakufa. Sapu siyo mwisho wa maisha, mtu anarudia anasonga mbele. Kwa hiyo aliyekwambia "asilimia 4 tu ndiyo wanakuwa mawakili" amekudanganya. Lakini nenda pia kwenye ile namba ya tatu, ambayo watu hawakuiongelea sana. Watu 265 walikuwa na LLB mkononi, wengine na madeni ya mkopo, wengine wazazi wao waliuza ng'ombe, wakafika mlango wa pili wakarudishwa nyumbani. Ilikuwa ni mkupuo mmoja, siyo kila mwaka uko vile. Ila umetuonyesha kwamba ngazi ya pili ni mtihani wa kweli kweli, na kufaulu LLB hakukupi uhakika wa kuupita.

Usichukue habari hii kama kitisho, ichukue kama kipimo. Ukienda kuomba chuo, usiulize ada tu. Uliza pia: wanafunzi wenu wakienda Law School wanafanyaje? Chuo kinachojiamini kitakujibu.

LUGHA, JAMANI LUGHA

Kila niliyemuuliza kwa nini watu wanaanguka, hakumaliza dakika mbili bila kutaja Kiingereza. Na katika mjadala ule wa 2022 lilikuwa jambo lililorudiwa sana.

Hapa kuna kitu kinachanganya. Mwaka 2021 sheria zilirekebishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama za Mwanzo zenyewe zimetumia Kiswahili miaka yote. Basi mtu anasema, si mambo yameisha? Hayajaisha. Shahada bado inasomwa kwa Kiingereza. Maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ya miaka na miaka, ambayo wakili lazima ayasome ili ajenge hoja, kwa sehemu kubwa yako kwa Kiingereza. Na mfumo wetu wenyewe tulirithi kwa Waingereza: sheria zetu mpaka leo zinaitaja tarehe 22 Julai 1920 kama siku ambayo sheria za Kiingereza zilipokelewa Tanganyika. Nyaraka za miaka zaidi ya mia huwezi kuzitafsiri kwa wiki moja.

Kwa hiyo wewe uliyepata A ya Kiswahili na History halafu English ukaponea tundu la sindano, jiulize kabla hujafika chuo. Kusoma hukumu ya kurasa 30 na kuieleza kwa maneno yako katika nusu kurasa, hiyo ndiyo kazi ya kila siku. Unaweza kujipima leo hii bila kulipa senti. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye mtandao wa TanzLII. Chukua moja ya Mahakama ya Rufani, isome mpaka mwisho, halafu mweleze mdogo wako nani alishinda na kwa nini. Mimi nilijipa kazi hiyo kwa wiki mbili. Siku za kwanza kamusi ilikuwa haitoki mkononi, lakini nilijikuta nataka kujua kesi itaishaje, kama mtu anayefuatilia tamthilia. Ukiona unasinzia kila ukurasa wa tatu, hiyo nayo ni taarifa.

TUPIGE HESABU YA MIAKA NA HELA

Tuseme umemaliza kidato cha sita na miaka 20. LLB miaka 4, una 24. Unasubiri kuingia Law School, unasoma mwaka mmoja, unasubiri matokeo, unasubiri kuapishwa. Mambo yakienda kama treni ya umeme una 25 na kitu. Yakienda kibinadamu, na sapu moja au hela ikikata katikati, una 27. Halafu unaanza kama wakili mchanga kwenye ofisi ya mtu. Kwa maelezo ya niliowauliza, mwanzoni kuna ofisi zinakulipa nauli na chakula tu, mpaka uanze kuleta wateja wako.

Rafiki yako aliyekwenda ualimu, uuguzi au ufundi ameshaanza kazi zamani. Simaanishi yeye ndiye ameshinda, la hasha. Namaanisha ile miaka ina bei, na bei hiyo haiandikwi kwenye kijitabu cha ada.

Hela yenyewe inaingia kwenye mafungu matatu.

La kwanza ni miaka ya chuo. Ukipata mkopo wa HESLB, ahueni, ada na bumu vinapumzisha wazazi. Lakini mkopo hautolewi sawa kwa kila kozi. Wanaangalia uhitaji wa familia na pia vipaumbele vya taifa, ambavyo mara nyingi vimekuwa vikiweka mbele ualimu wa sayansi, afya na uhandisi. Mwenye sheria anaweza kupata, anaweza kupata nusu, anaweza kukosa. Panga ukijua hivyo.

La pili ni mwaka wa Law School. Ada, chumba Sinza au Ubungo, chakula, nauli, makabrasha. Huu ndio mwaka unaosahauliwa na familia nyingi, kwa sababu wanadhani mtoto akishahitimu ameshamaliza kula hela. Habari njema ni kwamba HESLB sasa ina mwongozo wake wa mikopo kwa wanafunzi wa Law School pia, ila lazima uombe na siyo kila anayeomba anapata.

La tatu ni marejesho. Ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 800,000, basi 120,000 inakwenda HESLB kabla hujaigusa. Zamani kulikuwa pia na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ilifutwa mwaka 2021, na waliokuwa na madeni walishangilia. Lakini deni lenyewe liko pale pale.

MAWAKILI WAMEJAA AU HAWATOSHI?

Hili swali lina majibu mawili na yote ni kweli.

Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania Bara watu 59,851,347. Tuchukue mawakili 10,000 kwa namba ya mviringo. Inakuja wakili mmoja kwa watu kama 6,000. Na siyo kila aliye kwenye Daftari anafanya kazi ya uwakili, wengine wako maofisini, wengine wamestaafu. Kwa hesabu hiyo mawakili hawajajaa hata kidogo.

Sasa zunguka karibu na mahakama yoyote ya Dar uhesabu vibao. Ofisi juu ya ofisi! Arusha na Mwanza vile vile. Halafu nenda wilaya ya pembeni uulize wakili yuko wapi, utaambiwa panda basi uende mjini. Uhitaji uko kila mahali, hela iko sehemu chache. Mama mjane anayegombania mirathi anamhitaji wakili kuliko kampuni, lakini kampuni ndiyo yenye uwezo wa kulipa. Pengo hilo ndilo linawalea vishoka, wale wanaojifanya mawakili kwenye korido za mahakama, wanamla mtu hela halafu siku ya kesi hawaonekani.

Kwa hiyo anayesema "nitasoma sheria nifungue ofisi Posta" anaingia kwenye foleni ndefu. Anayesema "nitakuwa wakili Kahama, Mpanda au Tunduru, nashughulika na ardhi, mirathi, madini madogo, mikataba ya mazao", huyo foleni yake ni fupi, ila ajue wateja wake watalipa kidogo kidogo, wengine kwa gunia la mpunga. Wakili mmoja wa mkoani aliniambia mambo makubwa ya uwakili ni machache, kinacholipa kodi ya ofisi yake ni viapo, mikataba ya kuuziana viwanja na barua za madai. Hiyo ndiyo sheria ya kila siku, tofauti kidogo na ile ya kwenye muvi.

UKIISHIA NA LLB JE?

Siyo kwamba umepotea. Wapo waliomaliza LLB wakaenda benki kwenye kitengo cha mikopo, bima, rasilimali watu, mashirika yasiyo ya kiserikali, uandishi wa habari. Kujua kusoma mkataba na kuandika barua yenye hoja ni mtaji popote. Lakini angalia vizuri: kwenye kazi hizo unashindana na waliosomea hizo hizo kazi kwa miaka 3, wenye ada nafuu na mkopo ambao huenda ulikuwa rahisi zaidi. Kama lengo lako tangu mwanzo ni benki au rasilimali watu, kwa nini uzungukie sheria?

HALAFU KUNA SABABU AMBAZO HAZIHESABIKI KWA HELA

Sasa niwaambie la kwetu. Ukoo wetu ulikuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba, ukafika kwenye baraza la ardhi, tukashindwa. Upande wa pili walikuja na karatasi, sisi tulikuja na wazee wa kusimulia. Tangu siku ile kila kikao cha familia kinaishia na sentensi moja: "Tungekuwa na mwanasheria kwenye ukoo..." Na macho yote yananigeukia mimi, HKL mzima mzima.

Mzee anataka kuuza kiwanja tulichobakiza Mkuranga ili nianze mwaka wa kwanza kwenye chuo cha binafsi, mkopo uje au usije. Nampenda mzee wangu na najua anachokilinda. Lakini nimemwambia kwa heshima, baba, tunataka kuuza ardhi ili tupate mtu wa kulinda ardhi. Kiwanja kile kinalipa mwaka wa kwanza na labda nusu ya wa pili. Mwaka wa tatu tutauza nini? Na ule wa Law School je? Alinyamaza, akasema tutaongea. Bado tunaongea.

Halafu kuna jambo nililojifunza nikizunguka. Kilichotuangusha siku ile hakikuhitaji wakili. Kilihitaji mtu mmoja anayejua kwamba mauziano ya ardhi yanaandikwa, yanashuhudiwa, na karatasi inatunzwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliopata mafunzo ya msingi na kusajiliwa, wapo kwenye kata nyingi na wanasaidia bure. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023, nayo imezunguka mikoani na migogoro ya ardhi ni sehemu kubwa ya inayokutana nayo. Kama shida ya familia ni kupata ushauri, miaka 5 au zaidi ya masomo ni njia ndefu sana kuifikia.

NJIA YA PILI: LUSHOTO NA WENZAKE

Wengi hatuijui njia hii kwa sababu shuleni tunaambiwa chuo kikuu au basi. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto mkoani Tanga, kinatoa astashahada na stashahada ya sheria. Ni muda mfupi, na unaijua fani kwa ndani kabla hujajifunga nayo miaka mingi. Ukifanya vizuri kwenye stashahada, unaweza kuomba LLB kwa sifa hiyo. Ubaya wake ni kwamba inaongeza miaka kwa anayetaka kufika mpaka uwakili, na stashahada peke yake siku hizi haikupeleki kwenye uhakimu kama ilivyokuwa zamani kwa Mahakama za Mwanzo. Lakini kwa asiye na uhakika, ni bora kujaribu kina cha maji kwa mguu mmoja.

MASWALI MATANO KABLA HUJABONYEZA "TUMA"

Maombi ya chuo siku hizi tunatuma moja kwa moja kwa vyuo vyenyewe, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja. Kabla ya kubonyeza, kaa na mzazi au mlezi wako mjibu haya:

1. Nani atalipa mwaka wa TANO? Wa kwanza kila mtu ana jibu.
2. Mkopo ukikosekana, mpango wa pili ni upi? "Mungu atafungua njia" ni sala nzuri, ila siyo bajeti.
3. Nimeshasoma hukumu hata moja mpaka mwisho? Nilijisikiaje?
4. Nataka KAZI za sheria, au nataka kuitwa mwanasheria? Mnaelewa tofauti.
5. Nitakubali kuanzia nje ya Dar?

Ukijibu yote matano bila kumung'unya maneno, nenda kasome sheria, usimsikilize mtu anayekutisha na namba za 2022. Nchi inahitaji mawakili, hasa huko ambako mabasi yanafika mara moja kwa siku. Ukikwama kwenye la kwanza na la pili, usife moyo, ila usianze mpaka umepata jibu. Shahada ya sheria haiozi. Nimekutana na watu walioianzia Chuo Kikuu Huria wakiwa na miaka 35, wana kazi na wanajilipia wenyewe.

MSIMAMO WANGU

Nitaomba LLB kwenye vyuo vya serikali tu, na nitaomba mkopo. Nikipata vyote viwili, naenda, na kuanzia mwaka wa kwanza naweka akiba ya Law School hata kama ni elfu tano tano kutoka kwenye bumu. Nikikosa mkopo, naomba Lushoto stashahada, maana kwa hela ya kuandika na msaada kidogo wa mjomba tunaweza kuifikia bila kuuza kitu. Kiwanja cha Mkuranga hakiuzwi kwa ajili yangu. Kinapimwa kwanza, kinapata hati yenye jina la mzee, na hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu ya kwanza ya kisheria hata kabla sijafika chuo, teh teh teh.

Mzee hajakubali bado. Anaona kama naogopa shule. Mama yeye amesema nimweleze tena ile hesabu ya mwaka wa tano, safari hii polepole, na mjomba akiwepo. Kikao ni Jumapili.

Sasa uwanja ni wenu wadau. Kama umepita Law School, tuambie mwaka ule uliishije na hela ulipata wapi. Kama uliishia LLB, tuambie uko wapi leo. Na wewe mzazi uliyesomesha mwanasheria, ungeambiwa urudie ungefanya nini tofauti? Nitayachapisha majibu yenu na kwenda nayo Jumapili. Lugha ya staha tafadhali, matusi hayapiti.

Naomba kuwasilisha.